Kundi la Kukaa

Kama unayasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, leso mdomoni, na umeambiwa kwamba ugonjwa wako ni wa kifua, basi nimekuandikia wewe. Sitakueleza habari za mapafu na vijidudu. Hayo daktari atakueleza, na usipomwelewa mara ya kwanza muulize tena, hali mtu. Mimi nitakueleza mambo ambayo mimi sikuelezwa na yeyote: namna nguo zinavyokupwaya, namna mume anavyoanza kukuangalia kwa wizi, na namna ya kurudi kwenu mlimani ukiwa na pumzi ya kuazima.

Kwangu ni Mamba, Upare Kusini, juu kabisa, mahali ambapo ukimwaga maji ya vyombo jirani wa chini anajua umekula nini. Nilianza kukohoa wakati wa masika. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila mtu ana mkutano wa kuhudhuria na shamba la pamoja la kulima, na kikohozi hakikuwa sababu ya kukaa ndani. Mkwe wangu alinichemshia tangawizi asubuhi na jioni. Namshukuru mpaka leo, ingawa tangawizi haikuwa na ubavu mbele ya kitu kile. Siku aliyoona damu kwenye khanga yangu alipokuwa anafua, aliiacha nguo mtoni, akapanda mpaka nyumbani, akamwambia mwanawe: "Mpeleke mkeo hospitali leo. Leo, siyo kesho."

Mwanawe ni Baba Mbonea, mume wangu. Mbonea ni mtoto wetu wa kwanza. Wa mwisho ni Nakundwa, ambaye siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa na bado ananipapasa kifuani akilala. Nilimvua mgongoni kwangu nikamfunga mgongoni kwa bibi yake. Alilia sana. Nami nililia njia nzima ya kushuka, nikikohoa na kulia, na Baba Mbonea alikuwa mbele na kikapu hakugeuka hata mara moja. Nilimkasirikia. Baadaye nilikuja kujua kwamba alishindwa kugeuka kwa sababu na yeye alikuwa analia.

Hospitali ilikuwa chini, tambarare, upande wa Same, kwenye joto na vumbi jekundu. Ukifika unakaa kwenye benchi. Benchi la ukumbini kwanza, kisha la pichani, kisha la makohozi, kisha unarudi lile la kwanza. Pale benchini nilijifunza Tanzania. Palikuwa na wakata mkonge wa kila kabila, Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde, watu waliokuja kufanya kazi mashambani tangu enzi za Wazungu na hawakurudi kwao. Wote tulikohoa kwa lugha moja. Nakushauri: ukikaa benchini, zungumza na aliye kando yako. Mimi siku ya kwanza nilinyamaza kwa aibu, na siku ile ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa.

Nililazwa. Kipupwe chote nilikihesabu kwa sindano. Zilichomwa makalioni, upande huu leo, upande ule kesho, mpaka nikawa nalala kifudifudi kama mtoto mchanga. Masikio yalianza kuimba kama nyenje wa jioni. Vidonge vilikuwa vikubwa na vinakwaruza koo, na chakula kilinuka dawa. Pete yangu ya ndoa iliteleza ikaanguka kwenye bakuli la uji, muuguzi akaifunga kwa uzi shingoni mwangu bila kunicheka. Siku moja nilijiona kwenye kioo cha dirisha nikadhani ni mama yangu marehemu amekuja kuniona. Hujafa hujaumbika, walisema wahenga, nami nilikuwa naumbwa upya kila wiki, kila wiki mbaya zaidi.

Aliyeniokoa na mawazo alikuwa mwenzangu wa kitanda cha jirani, Bibi Naetwe, mwanamke mzee wa Ngujini kule Ugweno, Upare Kaskazini. Lugha zetu za nyumbani zilikuwa mbalimbali, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, naye alikizungumza kama mtu anayepasua kuni. Usiku wangu wa kwanza alinisukumia nusu ya ndizi yake, akasema, "Kula. Ukifa na njaa watasema sisi wa Ugweno ni wachoyo." Nilicheka, nikakohoa, nikala.

Kikohozi kilipungua, kisha damu ikakoma. Daktari alifurahi. Mimi pia, mpaka siku niliyojaribu kutembea kutoka kitandani hadi bombani. Nilisimama mara kadhaa njiani nimeshika ukuta, moyo unadunda masikioni. Ugonjwa ulikuwa umeondoka lakini umekwenda na pumzi yangu.

Baba Mbonea naye aliona hivyo hivyo alipokuja kunitazama. Alikuwa anakuja kila alipopata lori la kushukia, na kila mara analeta makande kwenye sufuria iliyofungwa khanga. Hatukuruhusiwa kukaa karibu, kwa hiyo alisimama nje ya dirisha nami nikakaa ndani. Siku ile aliniuliza habari za usingizi, habari za chakula, kisha akaanza kukwangua rangi ya dirisha kwa ukucha.

"Mama Mbonea, chini huku wanagawa viwanja. Kijiji kipya, barabara imenyooka. Nimeandikisha jina."

"Jina la nani?"

"Letu. Kule juu ni kupanda na kushuka tu. Maji kupanda, kuni kupanda, kanisani kupanda. Utaishije?"

"Na mama yako?"

Alirudi kukwangua rangi. Sote tulijua. Mkwe wangu alikwisha kusema kwamba yeye hashuki mlima ule isipokuwa ndani ya jeneza, na Nakundwa alikuwa analala kifuani mwake. Tukihama, ama tumwache mama mzee peke yake, ama tumwachie mtoto wangu.

"Mimi narudi kwangu," nikasema.

"Kwa pumzi ipi?"

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliniuma. Akaniambia mwenyekiti wa kijiji anataka jibu kabla mvua za vuli hazijaanza, kisha akapokea sufuria yake ya wiki iliyopita akaenda kutafuta lori. Nilibaki nikitazama milima dirishani. Ilikuwa pale pale, karibu kabisa kwa macho.

Wiki ileile daktari aliingia wodini na vijana wawili. Binti aliitwa Stela, mtu wa Tabora, mrefu, mwenye macho ya upole. Mwenzake aliitwa Renatus, na alikuwa na filimbi shingoni. Daktari alituambia kwamba hawa ni wanafunzi wa chuo kikuu, wa shahada ya kwanza, wanasomea mazoezi ya viungo. Yeye na mwalimu wao wamekubaliana waje likizo hii washiriki utafiti wa kweli, kwa wagonjwa wa kweli, badala ya kusoma habari zake vitabuni. Walitaka kujua kama mazoezi yanamrudishia mtu pumzi baada ya ugonjwa wa kifua.

"Wanasomea kurukaruka?" Bibi Naetwe aliuliza. "Mpaka chuo kikuu?"

"Hata kurukaruka kuna elimu yake, Bibi," Stela akajibu, akapiga goti kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Lakini miguu yako iko nje."

Kweli, alikuwa amevaa kaptura. Miaka ile nguo fupi zilikuwa kesi hata mjini, sembuse mbele ya wazee. Bibi Naetwe alivua khanga yake ya juu akamfunga kiunoni yeye mwenyewe, akakaza fundo. Stela aliivaa khanga ile siku zote alizokaa nasi, juu ya kaptura, na raba zake nyeupe zikichungulia chini.

Walituuliza mmoja mmoja kama tunakubali, wakasema asiyetaka asione haya. Nani akatae? Wageni wametoka mbali. Tukakusanywa barazani, tukaambiwa tutagawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza litafanya mazoezi: kupanda na kushuka kisanduku cha mbao, kunyoosha mikono, kutembea kuzunguka jengo. Kundi la pili litaendelea kama kawaida, dawa na kupumzika. Tutapimwa wote mwanzo na mwisho. Kura zikawekwa ndani ya kofia ya Renatus.

Niliomba kimoyomoyo nilipotia mkono. Nilikunjua karatasi nikasoma neno moja: Kukaa.

Nilimfuata Stela hadi kwenye ngazi, nikahema kwanza, ndipo nikaweza kusema. "Binti, nibadilishie. Nina mlima wa kupanda mimi."

"Mama, siwezi. Kura ni kura."

"Bibi Naetwe amepata mazoezi na hayataki. Tubadilishane tu, nani atajua?"

"Mimi nitajua, Mama." Machozi yalimlengalenga, lakini hakulegea. Nilirudi kitandani nikageukia ukutani. Kwangu mimi ilikuwa kama nimepigiwa kura ya kuhama.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Upareni kuna msaragambo. Pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu. Mnakwenda kuzibua mfereji au kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la maji ya mashamba. Kila nyumba inapimiwa sehemu yake. Ukimaliza yako hujamaliza. Kama mjane wa kando yako bado ana tope lake, au jirani kaja na homa, unaingia sehemu yake unalima, wala hakuna anayekushukuru, ndivyo ilivyo. Anayekaa huku wenzake wanainama ataimbwa na watoto mpaka wajukuu zake waione aibu. Sisi tunanyonya jambo hili pamoja na maziwa.

Renatus alitundika makopo kwenye ukingo wa baraza, kila kopo na jina la mtu wa Kundi la Mazoezi. Asubuhi waliwasimamia wenyewe, filimbi, kisanduku, saa mkononi. Jioni walikwenda kuandika mambo yao, na kila mtu alitakiwa kuzunguka jengo mwenyewe. Kila mzunguko unadondosha kokoto moja kwenye kopo lako. Asubuhi yake vijana wanahesabu kokoto na kuandika. Kazi safi kabisa, kwa watu wengine.

Jioni ya kwanza kabisa, Bibi Naetwe alifika kwenye kona ya jiko akashika ukuta. Nilikuwa nimekaa barazani, nimekunja mikono, naona haya kuliko niliyowahi kuona maishani.

"Mwanangu," akaniita, "sehemu yangu imenishinda."

"Kaa hapa, Bibi. Nikumalizie."

Niliinuka. Nilizunguka nikisimama kila dirisha, nikapumua kama mtu aliyetoka kuzama, nikarudi nikadondosha kokoto kwenye kopo lake. Palikuwa na Mzee Likwata, Mmakonde, mkata mkonge mwenye nembo za kabila usoni, naye pia wa Kundi la Kukaa. Alikuwa ananitazama.

"Kwani inaruhusiwa?"

"Kazi imekatazwa lini, Mzee?"

Alifikiri kidogo. "Kweli. Kule shambani mwenzako akishikwa na homa, kipande chake mnakigawana. Mnyapara anataka mkonge tu." Akajikongoja akasimama, akaenda kumzungukia kijana mmoja wa Lembeni ambaye miguu ilikuwa imemvimba.

Basi ikawa hivyo. Kila jioni watu wa Kundi la Kukaa tuliinuka tukawasaidia wanyonge wa Kundi la Mazoezi. Haba na haba hujaza kibaba, na makopo yalijaa kweli. Hatukumficha mtu. Muuguzi alituona akapita na ndoo zake. Tulidhani vijana wanajua, na kama hawajui, basi watafurahi wakijua. Asubuhi Renatus alimwaga kokoto, akahesabu, akapaza sauti, "Bibi Naetwe, unatupita wote!" Naye Bibi akajibu kwa heshima, "Tunamshukuru Mungu."

Mwili wangu ulianza kubadilika bila kuniaga. Nilikuwa nashika kila dirisha, kisha nikaanza kuruka moja. Siku nyingine nikagundua nimezunguka huku nazungumza na Mzee Likwata na hakuna neno lililokatika. Sindano zilikwisha, vikabaki vidonge. Uzi wa shingoni niliukata nikarudisha pete kidoleni, na ilikaa. Wewe unayesoma, usingoje furaha kubwa. Furaha ya ugonjwa huu huja kwa vipande vidogo namna hiyo, na ukivipuuza utadhani huponi.

Ikafika siku ya kupimwa mara ya mwisho. Tuliitwa barazani, daktari naye akaja kuangalia. Bibi Naetwe, ambaye kopo lake lilikuwa la kwanza kwa kokoto, alipanda kisanduku, akashuka, akakaa chini, akasema amechoka. Stela alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akatazama karatasi, akakunja uso. Kisha nikaitwa mimi. Nilipanda na kushuka, nikapanda na kushuka, mpaka Renatus akasema, "Basi, Mama, inatosha." Na Mzee Likwata vilevile. Wale waliotakiwa kukaa walikuwa na pumzi kuliko baadhi ya waliotembea.

"Sielewi," Stela alisema taratibu. "Bibi, kopo lako lilikuwa linajaa."

"Lilijaa, ndiyo." Bibi Naetwe alininyooshea kidole kwa fahari kabisa. "Na aliyejaza ni huyu. Na yule wa Lembeni kajaziwa na Mzee. Na yule pale na yule. Hatukuacha sehemu ya mtu wetu hata mmoja ilale."

Tukakaa tukingoja kusifiwa. Nakwambia kweli, nilikuwa natabasamu.

"Mmetuharibia utafiti wote!" Renatus alifoka. Akamfokea Bibi Naetwe, mwanamke wa umri wa nyanya yake.  Naye alipoona nyuso zetu akaivua filimbi shingoni akaishika tu mkononi, hajui aiweke wapi. Stela aliweka karatasi zake chini. Alishuka ngazi akaenda nyuma ya tangi la maji.

Nilimfuata. Alikuwa amechuchumaa, khanga ya Bibi imeburuzika matopeni, analia kimyakimya kama watu wazima wanavyolia. Nilikaa kando yake. Sikuwa na hatia moyoni, maana sikujua kosa, lakini nilimhurumia kama ninavyomhurumia mwanangu Mbonea akivunja mtungi.

"Niambie, binti. Tumefanya nini?"

Alipangusa pua. "Mama, mtu akipata nafuu, utajuaje kama ni mazoezi yamempa nafuu, au ni dawa, au ni muda tu umepita? Ndiyo maana wengine walitakiwa wakae. Tuwalinganishe. Sasa wote mmetembea, hatuna wa kulinganisha naye. Siwezi kumwambia mtu yeyote kitu chochote."

Nililifikiria jambo hilo nikaliona. Lilikuwa na akili. Nikaona pia pale lilipopotea.

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia mkae!"

"Ulituambia tukae, Stela. Hukutuambia kwamba kukaa ndiyo sehemu yetu ya kazi. Ungesema hivyo, tungekaa mpaka tuote mizizi."

Aliacha kulia akanitazama. Nikamweleza habari za msaragambo, za pembe na ndiva na jirani mwenye homa, na Mzee Likwata ambaye alikuwa amekuja nyuma yangu akaongeza habari za kipande cha mkonge. Stela alisikiliza mdomo wazi. Kisha, huku machozi yako bado, akacheka, na mimi nikacheka, na nikaona nacheka bila kukohoa.

Alikwenda kwa daktari mwenyewe akamweleza yote. Daktari hakuwakemea. Aliwaambia waandike kilichotokea kama kilivyotokea, kisha waanze upya na wagonjwa wapya waliokuwa wanamaliza sindano. Renatus alimwomba Bibi Naetwe msamaha kwa magoti mawili, naye akamwambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kaokote kokoto." Safari hii Stela alisimama barazani na khanga yake akasema hivi: "Ndugu zangu, leo kuna msaragambo, na una sehemu mbili. Kuna sehemu ya kutembea na kuna sehemu ya kukaa. Atakayekaa anawafanyia kazi wagonjwa wote watakaokuja baada yetu." Bibi Naetwe aliomba aruhusiwe kuwa mmoja wa wakaaji, wakamwambia hahesabiwi tena, akakaa hivyo hivyo. Fimbo yake ilipoanguka akakataa kuinama kuiokota. "Niokotee," akamwambia muuguzi. "Niko kazini."

Baba Mbonea alikuja mawingu ya vuli yakiwa yameanza kukusanyika juu ya milima. Hakuleta makande. Alisimama dirishani, kofia mkononi.

"Mwenyekiti anataka jibu kesho kutwa."

Nilitoka nje nikamkuta palepale alipo. Alishtuka kuniona ninakuja kwa miguu yangu na siyo nimekaa ndani. "Twende kwa daktari," nikasema. Daktari alipiga kifua changu kwa vidole, akasikiliza mbele na nyuma, akasema ugonjwa umelala na vidonge nitamalizia nyumbani, lakini kuhusu mlima hawezi kutoa ahadi. Stela alikuwa mlangoni.

"Daktari, niende naye. Nitamshika mkono njia nzima. Mapigo yakizidi tutakaa, yakitulia tutapanda."

Daktari alimtazama Baba Mbonea. Baba Mbonea alinitazama mimi. "Akishindwa njiani," akasema, "nitashuka naye, na nitachukua kiwanja." Nikakubali. Ilikuwa haki.

Lori lilituacha pale barabara inapoishia. Tukaanza kupanda. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kwenye mwinuko wa kwanza tu nilikaa juu ya jiwe, Stela ameshika kifundo changu na kutazama saa. Baba Mbonea alisimama mbali kidogo, kikapu mabegani, anatazama bonde. Watu walitoka majumbani. "Pole, Mama Mbonea! Ngoja vijana wakubebe!" Nikawashukuru nikawakatalia. Tukapanda, tukakaa, tukapanda. Hewa ikaanza kupoa, ikanuka majani mabichi na moshi wa kuni, na nikahisi inaingia ndani kabisa, mahali ambapo haijafika tangu masika. Mwendo ambao zamani nilimaliza kabla ya chai ulinichukua mchana kutwa. Mwishoni sikuona njia, niliona visigino vya mume wangu tu.

Tulipofika uani, Baba Mbonea alitua kikapu akanitazama. Niliona bado anapima. Kufika ni jambo moja, kuishi pale ni lingine, na mimi nilikuwa nimeegemea mgomba nahema, Stela ananishika kiuno. Mkwe wangu alitoka jikoni akashika mdomo kwa mikono miwili. Nyuma ya gauni lake palikuwa na mtoto mrefu kiasi, mwenye meno yote.

Alikuwa Nakundwa. Bibi yake alimsukuma mbele. Mtoto akaniangalia, akainamisha kichwa kama wanavyofundishwa mbele ya wageni, akasema vizuri sana, "Shikamoo."

Nilisema, "Marahaba."  Nikanyoosha mikono. "Njoo kwa mama."

Alipiga kelele akakimbia. Alipita nyuma ya nyumba, akapanda ngazi za shamba la tangawizi kuelekea juu kwenye mfereji, ambako maji yana kasi na ukingo unateleza. Sikumbuki kuamua. Nilijichomoa mikononi mwa Stela nikakimbia. Nilikimbia kupanda, ngazi hadi ngazi, khanga imeshikwa juu ya magoti, na nilimfikia mtoto wangu hatua chache kabla ya maji nikamkumbatia, naye akanipiga ngumi kifuani, kifua kilekile, mpaka akachoka, akaniwekea kichwa begani. Tulikaa palepale kwenye udongo, sote wawili tunahema.

Baba Mbonea alifika nyuma yetu, na yeye alikuwa anahema kuliko sisi.  Kisha akakaa kando yangu, akamshika Nakundwa mguu wake mdogo wenye matope.

"Kesho nitashuka," akasema, "nikamwambie mwenyekiti kiwanja kile ampe mtu mwingine."